Kinywa Kichungu: Maisha ya Adaikalam wa Vembadi

Alizaliwa Adaikalam mwezi wa Julai, mwaka 1866, majira ambayo matunda ya mwarobaini huiva na kudondoka yenyewe, katika kijiji cha Vembadi, kusini mwa nchi ya Watamili, penye udongo mwekundu na ziwa linalokauka kabla watu hawajamaliza kulisifu. Baba yake, Susai, alikuwa na kinu cha kukamulia mafuta, kikizungushwa na fahali mmoja. Mama yake, Savariyayi, aliokota mbegu za mwarobaini kwa ajili ya kinu hicho. Uchungu ulimshika akiwa ameinama na kikapu mkononi, na kabla wanawake hawajamfikisha nyumbani, mtoto wa kike alikwisha kutua juu ya majani. Mkunga alicheka, akasema, "Huyu hakungoja hata mkeka. Uchungu umemleta chini ya mti mchungu, basi mpeni jina tamu." Wakambatiza Adaikalam, maana yake Kimbilio. Walifukiza majani ya mwarobaini chumbani, wakamwogesha mzazi kwa maji yaliyochemshwa na majani hayohayo, kama walivyofanya Wakristo na wasio Wakristo wa kijiji kile, kwa kuwa mti ule haujapata kumuuliza mtu ubatizo wake.

Wakati wa kumwachisha ziwa ulipofika, Savariyayi alifanya walivyofanya mama zake. Alitwanga majani mabichi ya mwarobaini, akajipaka rojo lake kwenye chuchu, akakaa kungoja kilio. Mtoto yeyote akionja mara moja hulia, na kesho yake hutafuta uji. Adaikalam alionja, akakunja uso, akamtazama mama yake machoni, kisha akaendelea kunyonya. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Aliyelia ni mama. Bibi yake mzaa baba, aliyekuwa amekaa mlangoni akipepeta mtama, akasema neno ambalo kijiji kilikuja kulikumbuka baadaye: "Mwacheni. Huyu ataumeza uchungu wa watu."

Akakua kama watoto wote wa Vembadi walivyokua, chini ya mti ule. Asubuhi alivunja kijiti cha mwarobaini, akakitafuna ncha mpaka ikachanua, akasugua meno huku akimfuata fahali wa baba yake. Alipanga majani makavu katikati ya mtama ghalani ili fukusi wasikae. Alibeba mashudu ya kinu kupeleka shambani, na fahali alipochubuka shingo alimpaka mafuta yaleyale ambayo jioni yaliwashwa katika taa, na kuijaza nyumba harufu isiyomstarehesha mtu wala mbu. Mwaka mpya ulipoingia mwezi wa Aprili, mama yake alichanganya maua ya mwarobaini, embe bichi na sukari guru katika bakuli moja, na kila mtu alikula, asije akasema mwaka ulimdanganya. Bibi naye alikuwa na vitendawili kama kuku alivyo na manyoya. "Kitendawili!" "Tega!" "Natembea kutwa, jioni nipo palepale." Watoto wakajibu kwa pamoja kwamba ni fahali wa kinu. "Kitendawili!" "Tega!" "Mama mchungu, mtoto mtamu." Mmoja akasema, "Shangazi na binti yake!" na bibi akacheka mpaka akashika mbavu, maana shangazi mwenyewe alikuwa pale anasikia. Jibu lilikuwa mwarobaini na tunda lake. Adaikalam alikipenda kitendawili hicho kuliko vyote, wala hakujua kwamba kitamngoja mbele ya njia.

Lakini lilikuwako tawi moja la mwarobaini ambalo watoto hawakulichezea. Ni lile lililofungwa juu ya mlango wakati ndui imeingia. Jina la ugonjwa ule halikutajwa. Watu walisema, "Mama amekuja." Wale wa hekalu la ng'ambo ya ziwa walimaanisha mungu wao wa kike, ambaye kwa imani yao ndiye mwenye homa ile na ndiye mwenye kuiondoa. Wakristo wa Vembadi hawakumwabudu, ila woga wake walikuwa nao bado, kama mtu aliyehama nyumba na kunguni wake. Wakristo nao waliamini kwamba ukilitaja jina la ugonjwa ndani ya nyumba, utamchukua mgonjwa jicho. Basi tawi lilisema badala ya kinywa. Penye tawi mgeni hakuingia, mwanamume hakunyoa ndevu, na haradali haikukaangwa kwenye mafuta, kwa kuwa Mama, walisema, hapendi mlio wake. Mgonjwa alilazwa juu ya majani, akapepewa kwa majani, na wote wakangoja.

Mwaka 1884 kijiji kilipata padri mpya, Padri Klemensi, mtu wa ng'ambo ya bahari, mwembamba, mwenye moyo mwepesi kama wa mtoto. Kitamili alikuwa amejifunza vitabuni, na watu walimpenda kwa jinsi alivyokosea bila haya. Mwezi wa Mei, ambao ni mwezi wa Bikira Maria, alianzisha jambo lililofurahisha wengi: sanamu ya Mama itabebwa kila alasiri kutoka kanisani, ilale katika nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba itakayo kuipokea ifunge majani mabichi mlangoni. Majani gani, hakusema. Watu walifunga ya mwembe, kama wafungavyo harusini. Padri hakujua tofauti ya jani na jani.

Mwanzoni mwa mwezi huo, Gnanam, kaka yake Adaikalam, alirudi kutoka mnadani akiwa na homa, na siku chache baadaye uso wake ukajaa malengelenge. Savariyayi alifunga mwarobaini mlangoni. Adaikalam alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, ameposwa, sinia la tambuu la uchumba limekwisha kupokewa kwa wakwe. Alasiri ile alikuwa amesimama kizingitini, akitenga majani laini na vijiti, aliposikia nyimbo. Padri Klemensi alikuja mbele, ameikumbatia sanamu, na watoto wamemzunguka na mishumaa yao. Wanawake walikuwa nyuma sana, kwenye kona ya kinu, wakihangaika kuwasha taa iliyozimwa na upepo. Padri aliona majani mabichi juu ya mlango, uso wake ukang'aa.

"Binti, mmejitayarisha kumpokea Mama?"

Adaikalam alisema, "Mama amekwisha kuja, Baba. Asiingie mtu."

Nyuma ya mlango mama yake alimshika kiuno, akamnong'oneza, "Usilitaje. Kaka yako ana macho mawili tu."

Padri Klemensi alicheka kwa furaha, akidhani amesikia neno la moyo mnyofu. "Mama akija, binti yangu, hafungi mlango." Akainama chini ya tawi, akaingia na sanamu, na watoto nyuma yake. Adaikalam alifumbua kinywa, lakini jina la ugonjwa hakulitaja. Aliyekuwa mbele ya watoto ni Arputham, mtoto wa miaka sita, binti wa jirani yao Sinnammal. Sinnammal alipogeuka kwenye kona na kuliona tawi, alitupa taa chini akakimbia. Mwanawe alikuwa amekwisha kutoka, mshumaa mkononi, anatabasamu.

Kabla ya mwezi wa Mama kwisha, watoto watatu walizikwa, na Arputham alikuwa mmoja wao. Gnanam alipona. Watu hawakumlaumu Padri, maana kwao alikuwa kama mgeni aliyekanyaga mkeka kwa viatu. Walimlaumu yule aliyesimama mlangoni akijua. Sinnammal alimkuta kisimani, akamwaga maji aliyokwisha kuteka kwa kuwa kivuli cha Adaikalam kiliangukia mtungi wake. "Ulisema Mama," alimwambia. "Niambie basi, ni mama yupi aliyemla mwanangu?" Adaikalam aliondoka bila kuteka maji. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemfungulia mlango Vembadi, na jambo alilolitaka maishani mwake mwote, kuliko ndoa na kuliko mkate, lilikuwa kwamba mlango mmoja tu umfungukie tena.

Padri Klemensi mwenyewe akaugua. Mpishi wake alikimbia, na katekista akawa anaacha uji dirishani na kuondoka. Adaikalam alipopata habari alikata matawi ya mwarobaini, akayafunga juu ya mlango wa nyumba ya padri, mahali ambapo hayajapata kufungwa tangu kanisa lijengwe. Savariyayi alimfuata hadi uani akilia. "Mwanangu, wewe hujaugua bado. Unakwenda kuipokea kwa mikono miwili."

"Mimi ndiye niliyeiachia njia, mama. Nenda ukanichumie majani."

Akaingia. Alichambua majani akaondoa vijiti vyote, akatandika kitanda kinene, na kila asubuhi akatandika kipya na kuyafukia ya jana. Alifukuza nzi kwa tawi. Mwasho ulipomzidi mgonjwa, hakumwacha ajikune. Alimpapasa kwa ncha laini za majani, toka bega hadi kidole, mpaka usingizi ukamchukua. Alimnywesha mtindi uliochujwa. Hakudanganyika kwamba jani linaiponya ndui. Baadaye aliwaambia watu wengi, "Jani linapoza, linafukuza nzi, na linamzuia mtu mlangoni. Mengine ni ya Mungu." Padri, ambaye hata katika homa hakuacha mzaha, alisema, "Kwetu tulilala juu ya pamba." Naye akamjibu, "Na kwetu, Baba, unalala juu ya uchungu. Vumilia, unapoa."

Siku moja alasiri Padri akamwuliza, "Uliniambia Mama amekuja. Nimewaza sana kitandani hapa. Ulimsema Mama yupi?"

Adaikalam alimtazama usoni. Jicho la kushoto la Padri lilikuwa limekwisha kufa, jeupe kama maziwa, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa ametaja kitu. Hapo akafumbua kinywa. "Ni ndui, Baba. Nilikusudia ndui. Niliogopa jina lake. Tumefundishwa kwamba ukilitaja, linachukua jicho."

Padri Klemensi aliinua mkono, akaligusa jicho lake. "Hakuna aliyelitaja," alisema, "na jicho limekwenda." Kisha, baada ya kupumua kidogo, "Wala mimi sikuuliza. Nililipenda neno lako, nikaingia nalo. Watoto wale ni wangu pia." Akamwekea mkono kichwani. "Nenda ukalitaje, binti yangu. Katika kila mlango, kwa jina lake." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho yenye akili timamu. Alifariki kabla ya sikukuu ya Ekaristi, na Adaikalam, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu, alimwosha na kumvika.

Naye akaugua, katika nyumba ileile, juu ya majani yaleyale. Mama yake aliingia kumtunza, kwa kuwa aliwahi kuugua utotoni na ndui haikumtaka tena. Siku alipopona, Savariyayi aliweka mtungi wa maji na majani juani mpaka ukapata joto, akamwogesha. Adaikalam alipojitazama katika maji alikuta uso wake umechimbika kama njia waliyopita ng'ombe wakati wa mvua. Wakwe walirudisha sinia la tambuu wakiwa wamelifunika kwa kitambaa, ili isionekane barabarani kwamba ni aibu. Hakulia. Alimwomba baba yake kibanda kidogo kando ya ziwa, chini ya miarobaini, na Susai, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alimjengea na kumpa fahali mzee aliyestaafu kinu. "Mchukue," alisema. "Naye amechoka kuzunguka."

Hivyo ndivyo wito wake ulivyoanza, nao haukuwa wito wa kushangiliwa. Kila aliposikia homa imeingia mahali, katika Vembadi au vijiji vya kando, alikwenda na mzigo wa majani kichwani. Alifunga tawi juu ya mlango, kisha akasimama barabarani na kusema kwa sauti: "Ndui imo humu. Ambaye hajapata kuugua asipite." Halafu akaomba ruhusa ya kuingia kumtunza mgonjwa. Watu walipenda tawi, lakini walichukia sauti. Walimrushia mavumbi na mawe. Walisema amelaani nyumba. Walimpa jina Kinywa Kichungu, na wanawake waliotoka ziwani walikuwa na mzaha wao: "Huyu asubuhi alipiga mswaki akasahau kutema." Siku moja aliwasikia, akageuka na kusema kwa upole, "Nilimeza, dada zangu," na mmoja wao akashindwa kujizuia akacheka. Nyumba za ng'ambo ya ziwa, za watu wa hekalu, ndizo zilizomfungulia kwanza. Bibi mmoja wa huko alimwambia, "Wewe humwogopi Mama wetu?" Akajibu, "Simwogopi, bibi, wala simtukani. Namwogopa mtoto anayepita njiani bila habari." Bibi yule akafikiri, akasogea mlangoni akampisha.

Aliishi kwa mtama aliopewa na kwa mbegu za mwarobaini alizookota kama mama yake. Wachanjaji wa serikali walipoanza kupita vijijini na wanawake wakawaficha watoto wao ghalani, Adaikalam alikaa uwanjani, uso wake ukionekana na wote, akasema, "Tazameni vizuri. Hii ndiyo bei ya pili ya ndui. Ya kwanza mlizika." Wengine walileta watoto kwa neno hilo, wengine walimfokea. Lakini katika miaka yote hiyo mlango wa Sinnammal haukufunguka. Walikutana kanisani kila Jumapili, na Sinnammal alikaa upande wa pili. Mungu alikuwa amempa mtoto mwingine, mvulana aitwaye Santiyagu, naye alimlinda kama mboni ya jicho, na alimkataza hata kuokota matunda chini ya miti ya kando ya ziwa, kwa kuwa ni miti ya Kinywa Kichungu. Chanjo pia aliikataa, kwa sababu aliyeisifu ni yeye.

Ikawa mwezi wa Mei, mwaka 1893. Padri wa wakati huo, mzaliwa wa nchi, alikuwa ameirudisha ile desturi ya kuizungusha sanamu, na alasiri moja ilikuwa ipite njia ya kinu. Adaikalam alipita kwenye nyumba ya Sinnammal, akasimama. Mlangoni hapakuwa na jani lolote. Lakini tangu Jumapili, kila alipopita wakati wa kupika, hakusikia haradali ikilia kwenye mafuta, na nyumba ya Sinnammal ilikuwa na sifa ya mapishi. Akaweka mzigo wake chini, akaketi kizingitini.

Sinnammal alitokeza uso katika ufa wa mlango. "Ondoka hapo. Humu hamna kitu."

"Haradali yako hailii, dada."

"Nimefunga."

"Mwezi wa Mama hatufungi."

"Nimefunga nadhiri yangu. Inakuhusu?" Kisha kwa sauti ya chini, yenye kukatika, "Ondoka, nakusihi. Wakikuona hapo watajua."

Nyimbo zilikwisha kusikika upande wa kanisa. Adaikalam angeweza kusimama na kupaza sauti kama alivyofanya katika milango ya watu wengi kuliko alivyoweza kukumbuka. Watu waliokuwa jirani walishuhudia kwamba hakuipaza. Alisema tu, "Mlango huu sina haki nao. Niliupoteza. Litaje wewe, Sinnammal. Nikishindwa kungoja, nitalitaja mimi, na hutanisamehe tena, nitakuwa radhi. Lakini litaje wewe."

"Atapoteza macho."

"Gnanam hakutajiwa kitu, akapona. Padri hakutajiwa kitu, akapofuka jicho. Mimi nalitaja kila siku, na macho yangu yanakuona ulivyo."

Watoto waligeuka kona ya kinu, mishumaa mikononi, na mbele yao alikuwako msichana wa miaka sita au saba, mwenye ua nyweleni. Wale walioona wanasema Sinnammal alimtazama yule mtoto, kisha akatoka mlangoni mbio, kichwa wazi, akasimama katikati ya njia na kunyoosha mikono yake yote miwili. "Ndui," alisema, na mara ya pili akapaza sauti mpaka ng'ombe wakashtuka. "Ndui imo kwangu. Mwanangu ana ndui. Rudini."

Msafara ulisimama. Padri, ambaye aliielewa lugha na aliielewa hofu yake, aliiweka sanamu chini palepale barabarani, uso wake ukielekea nyumba ile, na watu wote wakapiga magoti mavumbini mbali na mlango. Hakuna aliyevuka. Sinnammal alirudi kizingitini, akachukua tawi katika mzigo wa Adaikalam, akalifunga mwenyewe juu ya mlango wake. Fundo lilifunguka, ikabidi afunge mara mbili. Kisha akasema, bila kumtazama, "Siku ile ulimi wako ulikuwa mzito hivi?"

"Mzito hivyo hivyo, dada."

"Ingia," akasema Sinnammal. "Majani yamekauka, nayatandika vibaya."

Santiyagu aliishi, na macho yake yote mawili yalibaki. Katika Vembadi mwaka ule ndui haikuingia nyumba ya pili, na waamini walilihesabu jambo hilo kuwa ajabu ya kwanza ya Adaikalam. Ajabu nyingine wanazozisimulia ni nyingi: kwamba nzi hawakutua juu ya mgonjwa aliyempepea, kwamba fahali mzee aliyestaafu kinu aliwahi kumpeleka mwenyewe, bila kuongozwa, hadi nyumba iliyoficha wagonjwa, kwamba mwarobaini uliokauka getini mwa kanisa ulichipua juma alilozikwa. Kanisa halijatamka neno juu ya mambo haya, na kila mtu ayapime kwa kiasi cha imani yake. Ila juu ya mlango wa Sinnammal hakuna anayebisha, kwa kuwa walioukuta ukifunguka walizaa watoto, na watoto wakasimulia.

Aliendelea kwa miaka thelathini na zaidi. Wasichana wawili watatu walijiunga naye, akawafundisha kuchambua majani, kumgeuza mgonjwa bila kumchubua, na kusema jina la ugonjwa kabla ya kusema jina lao. Aliposifiwa alibadilisha mazungumzo kwa kitendawili. Alipotukanwa alifanya hivyohivyo, mpaka watu hawakujua lipi linamuuma.

Mwaka 1926, mwezi wa Aprili, miarobaini ikiwa imejaa maua madogo meupe na ziwa likinukia asali, alilala na hakuamka tena kwenda kazini. Tumbo lilikuwa limevimba na chakula hakikushuka. Wanawake walijaa kibandani, na kila mmoja alikuwa na neno lake laini: amechoka tu, ni jua la mwaka huu, mwaka mpya ukipita atasimama. Siku ya mwaka mpya Sinnammal, ambaye sasa alikuwa kikongwe anayetembelea fimbo, aliingia na bakuli la maua ya mwarobaini, embe na sukari guru. Adaikalam alilamba kidogo kwenye ncha ya kidole, akatabasamu, akauliza, "Sinnammal, ninaumwa nini?"

Wanawake walimkonyeza Sinnammal. Mmoja alimvuta nguo. Sinnammal aliketi, akaweka bakuli chini, akamshika mkono.

"Unakufa, dada."

"Ahsante," alisema Adaikalam. Akaomba padri aitwe, akapokea Sakramenti, akawaaga kwa majina mmoja mmoja, na jioni akafariki.

Walimzika karibu na watoto watatu wa mwaka 1884, upande wa Arputham, kwa ombi la Sinnammal. Juu ya kaburi uliota mwarobaini ambao hakuna aliyeupanda. Wapo wageni wanaodai kwamba majani yake si machungu. Waliotafuna wanajua ni machungu vilevile. Ndege huja kwa ajili ya matunda, na watoto wa katekisimu hufundishwa kitendawili cha bibi mahali pale, ingawa sasa wengi wanapotegewa "Mama mchungu, mtoto mtamu" hawajibu tena kuwa ni mti. Hujibu, "Adaikalam na neno lake."

Ndui yenyewe imekwisha duniani, nasi twamshukuru Mungu. Lakini desturi ya Vembadi haikukoma. Mpaka leo, mwezi wa Mei, sanamu ya Mama inapofika mlangoni mwa nyumba, anayeibeba husimama na kuuliza, "Ni nini kimo humu?" Na mwenye nyumba hujibu kwa jina lake: kifua kikuu, au pombe, au mwana aliyeondoka bila kuaga. Wapo wanaojibu haraka, wapo wanaosimama kizingitini kitambo kirefu, midomo inacheza na sauti haitoki. Hao hawaharakishwi. Nyimbo hunyamazishwa, watoto hushusha mishumaa, Mama huwekwa chini barabarani, na watu wote hungoja.